Mtufaha hula nini majani yakishapukutika? Uzi kuhusu akiba ya chakula mizizini

#1 – Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila inapozungumzwa miti ya matunda ya nchi za baridi, husemwa kwamba majani yakipukutika utomvu hushuka mizizini, hulala huko mpaka baridi ipite, kisha hupanda tena. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, lakini yamekosea wakati na yamekosea mahali, na makosa yote mawili yana gharama shambani. Akiba huwekwa kabla jani halijaanguka, na sehemu muhimu ya kazi hiyo hufanyika baada ya tunda kuchumwa, yaani wakati uleule ambao wakulima wengi huona msimu umekwisha na kuyapa shamba kisogo. Kuhusu mahali, mizizi ni hifadhi kubwa kweli, lakini magome na mbao za shina na matawi nazo hubeba sehemu isiyo ndogo.

Nitautumia mtufaha kama mfano, kwa sababu umechunguzwa kuliko miti mingi inayopukutisha majani, na kwa sababu ninafanya kazi katika mashamba ya matufaha huko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, si mbali na kituo cha utafiti cha East Malling ambacho kilizipa dunia aina za mashina ya kubebeshea (miche ya mizizi ambayo juu yake hupandikizwa aina ya tufaha inayotakiwa) zinazoanza na herufi M.

Tuanze na wanga. Wakati wa kiangazi majani hutengeneza sukari kwa usanisinuru, na katika jamii ya mtufaha, mpea, mpichi na mplamu sukari inayosafirishwa kwa wingi ni ile iitwayo sobitoli, ikiambatana na sukrosi ya kawaida. Mti hauigawi sukari hiyo kwa usawa. Matunda na ncha za matawi yanayorefuka huchukua kwanza, na mizizi hupata kinachobaki, kwa hiyo huanza kupokea kwa wingi pale matawi yanapoacha kurefuka na mzigo wa matunda unapoondolewa. Sukari ikifika mzizini hugeuzwa kuwa wanga, punje ndogo sana zinazorundikwa ndani ya seli hai zilizomo kwenye mbao. Mbao za mzizi zina seli hai za namna hiyo nyingi kuliko mbao za tawi, na ndiyo sababu kipande cha mzizi hubeba wanga mwingi kuliko kipande cha tawi chenye uzito uleule.

Anayetaka kushuhudia hahitaji maabara. Mwezi Desemba, mti unapong'olewa ili kupisha mwingine, mimi hukata mzizi wenye unene wa kidole gumba, nikalainisha uso wa mkato kwa kisu kikali na kudondoshea iodini ya kawaida ya dukani. Baada ya dakika chache hutokea mistari ya rangi ya bluu inayokaribia weusi, imeanzia katikati ya mzizi na kuelekea kwenye gome, na gome lenyewe huwa na ukanda wake mweusi. Mistari ile ndiyo njia za seli hai zilizojaa wanga. Mzizi wa mti wa aina hiyohiyo uliokatwa maua yakiwa yamekwisha kuanguka, mwezi Mei, hubaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe, na weusi huonekana kwa madoa tu. Katika miezi hiyo mitano mti umekula.

Naitrojeni ina safari yake, nayo kwa maoni yangu ndiyo yenye mafunzo zaidi. Jani la mtufaha likiwa kijani limejaa protini za usanisinuru, hasa kimeng'enya kiitwacho rubisko. Siku zinapofupika na usiku kupoa, mti huzivunjavunja protini hizo kuwa asidi amino, huziondoa jani kupitia mishipa ya floemu iliyo ndani ya gome, na kuzipeleka kwenye matawi, shina na mizizi. Rangi ya njano tunayoisifia katika picha za Ulaya ni dalili ya kazi hiyo, kwamba jani linanyang'anywa mali yake kabla ya kuachwa lianguke. Karibu nusu ya naitrojeni ya jani, na mara nyingine zaidi, hurudi ndani ya mti. Huko huhifadhiwa ama kama protini maalumu za akiba, ama kama asidi amino huru, ambayo kubwa kati yake ni arijinini. Molekuli moja ya arijinini hubeba atomu nne za naitrojeni kwa atomu sita tu za kaboni, kwa hiyo ni njia ya kubana mali nyingi mahali padogo.

Fosforasi, potasiamu na sehemu ya magneziamu nazo hurudishwa kwa viwango tofauti. Kalsiamu hairudi. Haisafiri katika floemu kwa kiasi cha maana, hivyo ile iliyokwisha kuingia jani huanguka nalo, na mwaka unaofuata tunda hutegemea zaidi kalsiamu inayopanda upya na maji kutoka ardhini. Boroni ni kisa cha pekee: katika miti yenye sobitoli hujishikiza kwenye sukari hiyo na kusafiri nayo, na ndiyo maana boroni inayonyunyiziwa majani ya mtufaha baada ya mavuno huweza kufika kwenye vitumba vya maua ya mwaka ujao.

Baridi yenyewe ikiingia, mti haujafa wala haujalala fofofo. Seli hai zinaendelea kupumua polepole, na kila pumzi hula sukari kidogo. Katika matawi, ambako hewa ya baridi hupiga moja kwa moja, sehemu ya wanga hugeuzwa kuwa sukari inayoyeyuka ili kuzilinda seli dhidi ya barafu. Mizizi, iliyofunikwa na udongo wenye joto kidogo zaidi, hushikilia wanga wake kwa muda mrefu. Lakini nayo ni dhaifu kuliko tawi. Tawi la mtufaha lililozoea baridi huweza kustahimili hata nyuzi 30 chini ya sifuri, ilhali mizizi ya mashina mengi ya Malling huanza kuumia udongo unapofika karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Theluji nene au matandazo shambani huikinga mizizi hiyo, na hapo watu wa Kanada na kaskazini mwa Marekani watanielewa upesi zaidi kuliko sisi wa Kent.

Mwishoni mwa Aprili mtufaha huchanua huku majani yake yakiwa madogo mno kuulisha mti, na udongo ukiwa bado baridi kiasi kwamba mizizi hufyonza kidogo. Watafiti walitumia naitrojeni yenye uzito wa atomiki wa 15, ambayo ni adimu kimaumbile na hutambulika kwa vipimo, wakaulisha mti mwaka mmoja kisha wakaifuata mwaka wa pili. Walichokiona ni kwamba majani ya kwanza na maua hujengwa kwa sehemu kubwa kwa naitrojeni ya mwaka uliopita. Walikuta pia kwamba kiasi cha akiba kinachotolewa hutegemea kilichowekwa, wala hakibadiliki kwa sababu mkulima ameongeza mbolea wakati wa machipuko. Mkulima aliyeuacha mti ukakosa majani yenye afya mwezi Oktoba hawezi kuirudisha nafasi hiyo kwa mfuko wa mbolea mwezi Aprili.

Karibuni kwa maswali na hoja.

#2 – Mkulima, Njombe

Mwanangu, nakushukuru kwa maelezo. Mimi nina mitufaha ya aina za Anna na Dorsett Golden, nayo haipukutishi majani yote hata Julai baridi ikiwa kali. Majani mengine hukaa mpaka maua mapya yatokeze. Wenzangu wameniambia niyapukute kwa mkono mara tu baada ya kuvuna ili mti uchanue kwa pamoja. Sasa ukisema jani hurudisha mali yake kabla ya kuanguka, je, mimi ninayeling'oa likiwa kijani siuibii mti?

#3 – Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Swali lako limegusa mahali ambapo kitabu cha Ulaya hakiwezi kunakiliwa neno kwa neno.

Anna ilizalishwa Israeli na Dorsett Golden ilipatikana Bahama, na zote mbili zinapendwa katika nchi zetu kwa sababu zinahitaji saa chache za baridi, takriban 300 au pungufu ya hapo chini ya nyuzi 7, wakati aina nyingi za Ulaya hutaka 800 hadi 1,200. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari lakini ni nyuzi tisa tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo baridi yake haizidi wala haidumu kiasi cha kuuamuru mti ulivue jani. Matokeo yake ndiyo hayo unayoyaona, jani zee linang'ang'ania na mti unachanua kwa mafungu.

Kupukuta majani kwa mkono ni njia halali. Wakulima wa Batu, Java Mashariki nchini Indonesia, wameitumia kwa miaka mingi na huvuna matufaha mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa mti unavuliwa majani kabla macho yake, yaani vitumba, hayajazama katika usingizi mzito. Lakini ndiyo, kila jani la kijani unaloling'oa linaondoka na naitrojeni ambayo lingeirudisha. Kwa hiyo usipukute siku unayovuna. Uache mti wiki chache ukiwa na majani yake na bila mzigo wa matunda, na katika wiki hizo uupatie maji na mbolea, kwa sababu hapo ndipo majani yanapoilisha mizizi bila mshindani. Kisha pukuta, na majani uliyoyatoa, ikiwa hayana ugonjwa, yarudishe chini ya mti kama matandazo. Hayatakuwa na kasi ya akiba ya ndani, lakini hayapotei.

Kwa mti mchanga wa mwaka wa kwanza au wa pili, mimi binafsi nisingepukuta kabisa.

#4 – Mchangiaji, Michigan

Mkuu, mimi niko Michigan na nyuma ya nyumba nimepanda mitufaha michache na mpichi mmoja. Jirani yangu huweka mbolea ya chumvichumvi mwezi Desemba juu ya ardhi iliyoganda, akisema mizizi itaifyonza polepole wakati mti umelala na kuihifadhi. Kwa ulivyoandika naona kama anapoteza fedha. Nimemwelewa vibaya?

#5 – Mleta uzi

Umemwelewa sawasawa. Mti usio na majani hauvuti maji ya kutosha kuileta naitrojeni kwenye mizizi, na mizizi iliyo katika udongo wa karibu sifuri haina nguvu ya kuifyonza. Naitrojeni ya namna ya naitreti hukaa pale ikisubiri theluji iyeyuke, kisha huondoka na maji kuelekea mitaroni. Jirani yako anailisha mito.

Wakati unaofaa ni ule ambao jani lingali linafanya kazi. Hapa pana tahadhari moja ambayo watu huichanganya: naitrojeni nyingi ya ardhini katikati ya kiangazi huyachochea matawi yaendelee kurefuka, na tawi changa likikutwa na baridi ya ghafla huungua. Ndiyo maana mashamba mengi hutumia njia ya majani. Baada ya mavuno na kabla ya majani kupukutika, hunyunyizia urea ya asilimia 5, yaani kilo 5 katika lita 100 za maji. Kiwango hicho kingeunguza majani machanga vibaya sana, lakini jani lililokaribia kuanguka halina cha kupoteza. Hufyonza urea, huipeleka ndani ya mti, kisha huanguka. Faida ya pili ni kwamba majani yaliyoanguka yakiwa na urea huoza haraka, na ukungu wa ukoko wa matufaha, ambao huishi ndani ya majani hayohayo wakati wa baridi, hupungua.

Nasisitiza kwa wasomaji wa Njombe na Lushoto kwamba asilimia 5 ni ya majani yanayoaga. Msiipige kwenye mti ulio katika ukuaji.

#6 – Mchangiaji

Naomba nipinge kidogo. Umesema matawi nayo yana akiba. Kama ni hivyo, mbona wakulima wa Ulaya hupogoa katikati ya baridi? Si wanakata na kutupa chakula? Au ile habari ya utomvu kushuka wote mizizini ndiyo iliyo sahihi, nao wanajua kwamba tawi limebaki tupu?

#7 – Mleta uzi

Pingamizi lako lina msingi, lakini jibu lake halihitaji utomvu ushuke. Ni kweli kwamba kupogoa wakati wa baridi huondoa akiba fulani. Hata hivyo matawi membamba yanayokatwa ni sehemu ndogo ya uzito wa mti, na akiba iliyo kubwa imo kwenye mizizi, shina na matawi mama, ambavyo havikuguswa.

Angalia kinachotokea baadaye. Mizizi ina akiba iliyokusudiwa kugawiwa macho yote ya mti, nawe umeondoa robo au theluthi ya macho hayo. Yaliyobaki hupata mgao mkubwa kuliko yaliyopangiwa, na kwa sababu hiyo mti uliopogolewa sana wakati wa baridi hutoa matawi marefu yenye nguvu ya kupita kiasi, yale yanayosimama wima na yasiyozaa. Mkulima anayetaka kuupunguza nguvu mti mkubwa hupogoa wakati wa kiangazi, kwa kuwa hapo huondoa majani ambayo yangeilisha mizizi. Mkasi ni uleule, na tofauti ya matokeo inatoka kwenye hesabu ya akiba.

Jambo hilo linahusu pia mashina ya kubebeshea. M9, ambalo asili yake ni mche uliopatikana Ufaransa mwaka 1879, hufanya mti uwe mfupi na uzae mapema, lakini mizizi yake ni michache na dhaifu kiasi kwamba mti huhitaji nguzo maisha yake yote. Jumla ya akiba katika mizizi hiyo ni ndogo. Mti wa M9 uliopoteza majani mapema kwa ukoko au kwa utitiri huonyesha njaa mwaka unaofuata kwa uwazi kuliko mti mkubwa uliobebeshwa kwenye shina la MM111, ambao una mizizi mikubwa ya kutegemea.

#8 – Mchangiaji aliyesomea kilimo cha bustani, Morogoro

Naongezea mfano wa mti usiopukutisha majani, ili wenzetu wa ukanda wa joto wasione mada hii ni ya wazungu pekee. Chenza la Murcott, lililolimwa sana Florida, lina tabia ya kubeba matunda kupita uwezo. Mwaka wa mavuno makubwa matunda huchukua karibu sukari yote, mizizi inakosa, wanga wake unakwisha, na mti huanza kunyauka ukiwa bado umejaa machenza. Wengine hufa kabisa. Ukiichimba mizizi ya mti kama huo huikuti na wanga wa maana. Dawa yake ni kupunguza matunda yakiwa madogo, jambo ambalo wakulima wetu wa machungwa huliona kama kumwaga fedha.

#9 – Mleta uzi

Ahsante sana. Mfano huo unaonyesha kile nilichokigusia juu juu, kwamba mzizi ndio wa mwisho kwenye foleni. Katika mtufaha mti haufi kwa kubeba sana, lakini kupunguza matunda wiki chache baada ya maua kuna faida kwa mizizi pamoja na ukubwa wa tunda. Aina inayochumwa mapema nayo ina bahati kuliko inayochumwa kwa kuchelewa. Hapa Kent Gala hutoka Septemba na majani hudumu hadi Novemba, ilhali Braeburn inayochumwa Oktoba huuachia mti wiki chache tu za kujaza mizizi.

#10 – Mkulima wa zabibu, Dodoma

Mleta uzi, hatuna theluji Dodoma, lakini mzabibu nao hupukutisha majani kwao ulikotoka. Sisi tunapogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Baada ya mavuno wengi tunaacha kupiga dawa, ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu) unayamaliza majani, kisha tunapogoa tena na kushangaa kwa nini vishada vya pili ni vidogo. Je, mada yako inatuhusu?

#11 – Mleta uzi

Inawahusu moja kwa moja, tena kuliko inavyonihusu mimi. Mzabibu huweka wanga mwingi na arijinini katika mizizi kama mtufaha, na kila unapoupogoa unaulazimisha uanze upya kwa akiba hiyo, kwa kuwa machipukizi ya kwanza hayajilishi. Huku Ulaya mzabibu hufanya hivyo mara moja kwa mwaka. Kwenu hufanya mara mbili, kwa hiyo nafasi ya kuijaza mizizi imegawanywa katika vipindi viwili vifupi, na vyote viwili huangukia baada ya mavuno.

Kwa sababu hiyo ningeangalia mambo mawili kabla ya kubadilisha mbolea. Kwanza, dawa ya ubwiri isikome siku ya kuvuna. Iendelee kwa kiasi cha kuyaweka majani hai, kwa kuwa kila wiki ya jani la kijani lisilo na kishada cha kulisha ni wiki ya mizizi. Pili, usipogoe mpaka mti umepata muda wa kupumzika ukiwa na majani, na umwagiliaji usikatwe ghafla baada ya zabibu kuondoka. Kama unataka kujua hali ilivyo, chukua mzizi mmoja wa unene wa penseli kutoka kwenye mzabibu wenye vishada vidogo na mwingine kutoka kwenye mzabibu mzuri, siku chache kabla ya kupogoa, uikate na kuitia iodini. Tofauti ya weusi itakuambia kama tatizo liko mizizini au kwingineko, na ukipata picha tafadhali ziweke hapa ili tuzijadili.